Ya Kioo na ya Soko

Jumapili, 3 Machi

Jua kali. Mvua bado.

Idah, mke wa mwanangu, ameninunulia daftari la mistari mipana dukani kwa Mwas, pamoja na kalamu ya wino mzito, ile ambayo wenye maduka huandikia bei kwenye makatoni. Jicho la kulia halioni tena ila mwanga, na la kushoto linaifuata njia ile ile. Mtoto wa jicho, walisema kliniki. Nimepewa tarehe ya kupasuliwa Thika mwezi huu huu. Mpaka hapo nitaandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, mimi niliyefanya kazi katika maktaba ya mji wa Nakuru tangu ujana hadi mvi.

Watu wa hapa Mwihoko huniambia niko nyumbani. Wanamaanisha kwamba mimi ni Mkikuyu na hii ni Kiambu. Nilizaliwa Molo, shamba langu lilikuwa Molo, na nyumba iliyoungua mwaka wa 2008, katika ghasia za uchaguzi, ilikuwa Molo. Hapa mimi ni mgeni anayejua lugha.

Jumanne, 5 Machi

Simu imelia nikiwa nimekaa mlangoni. Namba ngeni, sauti ya mwanamke.

"Naongea na Mzee Gathogo? Wa maktaba?"

"Ndiye."

"Mimi naitwa Emmaculate. Baba yangu alikuwa Oluoch. Wa benki."

Oluoch alifariki kwao Ugenya mwaka ule wa korona, barabara zimefungwa, na sikuweza kwenda kumzika. Watoto wake niliwajua wakiwa wadogo, wanakuja maktaba Jumamosi kusoma vitabu vya picha.

Anasema yuko Thika, kwenye kiwanda cha matunda. Kaka yake mkubwa, Dalmas, ni fundi wa mawe, naye yuko Thika. Mwezi wa sita watajengea kaburi la baba yao, waweke saruji na jiwe lenye jina, na ukoo wote utakuwepo.

"Baba alikuwa anasema kuna pesa moja alikuachia. Yenye inang'aa kama maji."

"Iko."

"Iko kweli?"

"Iko, mama. Iko hapa nilipo."

Nikasikia mashine za kiwanda nyuma yake. "Ndugu zake walikuwa wanamcheka," akasema. "Alikuwa anaitaja hata akiwa mgonjwa sana, wakasema ugonjwa umepanda kichwani. Na huyu Dalmas naye anasema kama ilikuwepo, Mkikuyu alishaikula." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Pole, mzee. Ndivyo anasema."

"Mwambie sijaila. Meno yenyewe yamebaki machache."

Jumatano, 6 Machi

Niandike habari hii sasa, jicho la kushoto likiwa bado linanitii.

Mwaka wa 1973, Uhuru ulipotimiza miaka kumi, ilitolewa sarafu ya shilingi tano yenye pembe tisa, ya rangi ya dhahabu, na kichwa cha Rais wa kwanza. Nyingi zilipigwa haraka haraka, zikamwagwa kwenye magunia, zikaenda sokoni. Chache zilipigwa kwa namna nyingine, kwa ajili ya zawadi na watu wanaotunza sarafu. Kibati chenyewe, kabla ya kupigwa chapa, kilisuguliwa kwanza, na muhuri wa chuma ukasuguliwa pia, kisha sarafu ikapigwa taratibu, kwa nguvu, mara mbili. Kwa Kiingereza huitwa proof. Mimi na Oluoch tulisema ya kioo na ya soko.

Tofauti unaiona hivi. Sarafu mpya ya soko ukiigeuza juani, nuru huzunguka usoni mwake kama spoki za baiskeli. Ya kioo haizungushi kitu. Uwanda wake, ile sehemu isiyo na picha, ni mweusi ukiutazama upande huu na mweupe ukiutazama upande ule, na kichwa kimesimama juu yake kama kimefunikwa na ukungu. Weka gazeti karibu nayo, herufi zitasomeka ndani yake, zimegeuka. Halafu kuna kingo. Za ile ya soko zimeviringika kidogo, za ile ya kioo zimekatwa wima kama ukuta. Haishikwi usoni, haifutwi, haioshwi. Ule uwanda ni ngozi nyembamba sana, na ukishakwaruzika hakuna fundi wa kuurudisha.

Oluoch alikuwa keshia. Siku moja mama mmoja alileta benki chenji za duka lake, na kati yake ilikuwemo hii. Labda mtoto wa tajiri fulani aliitoa kwenye kisanduku cha baba yake akaenda kununua peremende. Oluoch alitoa shilingi tano yake mfukoni akaibadilisha, akaja maktaba mbio saa ya chakula. "Gathogo, leo wameniletea kioo benki." Tukatafuta katika vitabu mpaka tukaielewa. Baadaye aliniletea ya soko, ya mwaka ule ule, mbichi kutoka kwenye gunia ambalo halijafunguliwa, ili niwe na ya kulinganisha. "Ulinganishe mzima na mzima," alisema. "Ukiweka mzima na mgonjwa hata kipofu ataona tofauti."

Januari ya 2008 tuliagana nje ya kituo cha polisi, malori yakiwashwa. Yeye alikuwa anapelekwa magharibi, kwa Wajaluo wenzake. Mimi nilikuwa nimetoka Molo na nguo nilizovaa na kisanduku cha bati. Alivua kiatu, akatoa ile sarafu kwenye soksi.

"Shika hii. Njiani wanapekua. Wakiwa vijana wako au vijana wangu, ni yale yale. Nitakuja kuichukua mwenyewe."

Hakuja. Kila tukiongea kwa simu alianza na swali moja kabla ya salamu, "Iko?" Nami nikajibu, "Iko."

Alhamisi, 14 Machi

Madaktari wamegoma. Tarehe yangu imegoma nao.

Jumapili, 17 Machi

Mwanangu Maina, mume wa Idah, ni dereva wa lori na huonekana hapa kama mwezi mwandamo. Idah ndiye anayenipikia na kunifulia. Anapika mandazi ya kuuza. Redio yake haizimwi, na kusoma anasoma bei tu. Leo nimemsikia akisogeza vitu juu ya kabati.

"Idah, kile kisanduku usikiguse."

"Sawa, guka." Guka ni babu kwa Kikuyu; wanawe huniita hivyo, naye huwafuata.

"Nimesema mara nyingi."

"Na mimi nimesema sawa mara nyingi." Akaendelea kufagia.

Jumapili, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Harufu ya vumbi ni ile ile kila mahali. Kwa dakika chache nilikuwa Molo.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Mabati yanapiga kelele kiasi kwamba hata redio ya Idah imeshindwa.

Jumatano, 10 Aprili

Dalmas amepiga simu mwenyewe. Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kupaza juu ya mashine ya kukoroga zege.

"Mzee, tukutane Kamakis. Mahali pa watu. Tule nyama, uniletee hiyo kitu."

"Mimi sioni vizuri, kijana. Mje kwangu, wewe na dada yako."

"Huoni? Sasa hiyo pesa umeichungaje?"

"Sikuichunga kwa macho."

Akacheka. "Wewe ni kama baba. Maneno mingi." Akasema watakuja Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita, kabla ya kusafiri. Kabla ya kukata akaongeza, kwa sauti nyingine, "Mzee, kama haiko, sema tu mapema. Huyu dada yangu ameshawaambia watu wa nyumbani. Nisimwone akiaibika mbele ya wale wazee kama baba."

Nilidhani ni mtu wa kejeli tu. Hapana, anaogopa.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Nilijaribu kuiona ya kioo kwa jicho la kushoto, mlangoni, kwenye mwanga wote uliokuwepo. Niliona duara la njano. Nimezirudisha zote mbili, moja kwenye kifuniko chake cha plastiki, nyingine kwenye bahasha yake.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Unga wa Idah umeanza kushika unyevu.

Alhamisi, 25 Aprili

Naandika kutoka ukumbi wa kanisa. Tuko familia nyingi, magodoro yamepangwa kama samaki.

Jana alfajiri maji yalitoka kwenye mtaro wa nyuma. Kwanza niliyasikia chini ya kitanda yakisukuma viatu. Nilipoteremsha miguu yalikuwa yamefika kwenye vigimbi vya miguu, baridi, yananuka choo. Idah aliingia na tochi. Wanawe alikuwa ameshawapeleka barabarani. Akasimama katikati ya chumba.

"Guka, nitoe nini kwanza?"

Nimelifikiria swali lile usiku na mchana. Kwenye kona kulikuwa na magunia yake ya unga, yote mawili, mtaji wake. Kulikuwa na jiko la mandazi na redio. Nikasema, "Kisanduku."

Hakuuliza kwa nini. Alikichukua, akakibana kwapani, akanishika mkono. Kwenye kalvati, pale mtaro unapopita chini ya barabara, maji yalimtoa miguu. Alianguka na mimi nikaanguka juu yake, nikasikia bati likigonga jiwe. Kijana mmoja alituvuta. Nikiwa barabarani natetemeka nilimsikia Idah amerudi chini, anapapasa kwenye tope na kusema peke yake, kwa Kikuyu, "ya kwanza hii... ya pili iko wapi... ndiyo hii." Plastiki ilikuwa imepasuka. Bahasha ilikuwa uji. Akanitia mkononi sarafu mbili zenye tope.

Unga umekwenda wote.

Ijumaa, 26 Aprili

Sijui ipi ni ipi.

Jumatatu, 29 Aprili

Ukumbini. Mtoto wa jirani anakohoa. Nimezifunga sarafu kwenye leso na leso iko kifuani. Nimewaza kwa utaratibu, kama tulivyokuwa tukipanga vitabu. Tope la kukauka si kitu. Halijasuguliwa. Akija Emmaculate, tutaziloweka kwenye maji safi bila kuzigusa usoni, tutaziacha zikauke zenyewe, naye kwa macho yake machanga ataziwekea gazeti mbele. Herufi zikisomeka, ndiyo hiyo. Kioo hakisahau kuwa kioo kwa sababu kimelowa. Nimelala vizuri kidogo.

Alhamisi, 9 Mei

Mgomo umeisha, wanasema redioni. Redio ya jirani. Ya Idah ilikufa maji.

Jumanne, 14 Mei

Tumerudi. Ukuta una mstari wa tope unaofika kiunoni. Idah alisugua sakafu siku nzima na hakulalamika. Amekopeshwa unga na Mwas. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu yale magunia, lakini kila nikianza yeye anasema, "Guka, inua miguu nipanguse."

Ijumaa, 17 Mei

Tarehe mpya ya jicho: Jumanne, 11 Juni. Emmaculate na Dalmas wanakuja tarehe 2. Nimeuliza kliniki kama naweza kusogezwa mbele. Msichana wa mapokezi akasema, "Mzee, hata wewe umebahatika."

Jumatano, 22 Mei

Mvua imepungua. Inanyesha sasa kama mtu anayekumbuka jambo katikati ya mazungumzo.

Jumamosi, 1 Juni

Ni vigumu kuandika.

Kutwa Idah alikuwa anajiandaa kwa wageni. Nilisikia sufuria zikisuguliwa nje kwa jivu. Mama yake alimlea hivyo, na mama yangu pia alikuwa hivyo. Mgeni akiingia kwa mtu, kabla ya kutazama uso wa mwenye nyumba hutazama sufuria zilizopangwa, na kama hajioni ndani yake, basi hakuheshimiwa. Hata nikafurahi kidogo kusikia sauti ile. Nikalala usingizi wa mchana, leso nimeiacha chini ya mto.

Nilipoamka aliniwekea kitu baridi kwenye kiganja. Viwili.

"Angalia, guka. Sasa hata wewe utaziona."

Na kweli niliziona. Duara mbili zikiwaka kama taa. Harufu ya ndimu.

"Umezifanya nini?"

"Nimezisugua. Jivu na ndimu, halafu kitambaa. Zilikuwa zimekuwa kijani, guka, zinanuka mtaro. Nikasema huyu msichana hawezi kupewa kitu cha baba yake ikiwa hivyo. Watasema tumeiweka chooni."

Nikazilaza polepole juu ya mto. Nafikiri ni uso wangu uliomwambia.

"Nimekosea?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kile kioo, ule ukungu, ile ngozi nyembamba. Nilichukua muda mrefu. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akasikiliza mpaka mwisho.

"Miaka hii yote unaniambia usiguse," akasema. "Hukuwahi kuniambia kwa nini. Mimi nilidhani unaogopa nitaiba."

Kisha akaenda kukanda unga.

Nimewahi kueleza jambo hili kwa wanafunzi na kwa wageni wa maktaba ambao sikujua hata majina yao. Sikuona haja ya kumweleza mtu aliyenilisha.

Jioni hiyo hiyo

Nimekwenda kwa Mwas kabla hajafunga, kwa sababu ana macho na ana gazeti. Nikamwonyesha namna ya kuziweka.

"Unasoma herufi ndani yake?"

"Nasoma, guka. Hii inasoma kiasi. Na hii pia inasoma kiasi."

"Ipi inasoma zaidi?"

"Zote ziko fiti. Zote zimechapa luku, zimependeza." Akazigeuza tena. "Ama hakuna yenye inasoma, ni mimi najua gazeti inasema nini. Ni bei ya mafuta."

"Michirizi je?"

"Iko kila mahali. Kama mkono wa mtu amekwaruzwa na paka." Akanirudishia. "Guka, si uchague tu moja? Nani atajua?"

Njiani nikajaribu kingo kwa kidole. Vidole vyangu vimekuwa gome. Nikajaribu mdomo wa chini, ambao bado ni ngozi. Moja iliteleza kidogo, nyingine ilikata. Nilipojaribu tena nyumbani nilipata ile ile. Nilipojaribu mara nyingine sikuwa na hakika.

Jumapili, 2 Juni

Wamekuja baada ya kanisa. Emmaculate alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akakaa karibu nami. Dalmas alibaki amesimama kidogo, nikasikia akiugusa ule mstari wa tope ukutani.

"Maji ilifika hapa?"

"Ilifika," akasema Idah. "Karibu chai."

"Hapa plasta inafaa kutolewa yote. Hii itaoza." Ndipo akakaa.

Niliziweka sarafu zote mbili mezani, juu ya kitambaa cheupe. Nikawaeleza kuhusu mafuriko, kalvati, plastiki. Nilipofika kwenye kusuguliwa nikasema zilisuguliwa. Sikusema na nani. Idah akasema kutoka mlangoni, "Ni mimi nilizisugua. Sikujua."

Hakuna aliyegusa chai.

"Mzee," akasema Dalmas polepole, "baba alikupa moja. Leo ziko mbili, na hujui ipi."

"Moja ni yangu. Baba yako mwenyewe aliniletea, ya kulinganisha."

"Ya kulinganisha. Na zote zinafanana."

"Sasa zinafanana."

"Omera." Ni ndugu kwa Kijaluo, lakini hakuwa ananiita mimi, alikuwa anaongea na dari. "Unajua vile inakaa hii story? Nikiisimulia nyumbani hivi, wale wazee watakufa na kicheko. Pesa iliyong'aa kama maji. Kumbe ilioshwa na maji."

"Dalmas," akasema Emmaculate.

"Simlaumu. Nasema vile inakaa."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonimaliza. Kama ningetaka kuibadilisha ya Oluoch na kuiuza, nisingepata hadithi bora kuliko hii, ya mafuriko na jivu na jicho bovu. Kila neno la kweli nililosema lilikuwa neno ambalo mwizi angelichagua. Nilikuwa na kitu kimoja tu katika maisha yangu ambacho moto haukukifikia, na sikuweza kukithibitisha hata kwa kukiweka mezani.

"Chukueni zote mbili," nikasema.

"Hapana." Dalmas alijibu haraka. "Baba alisema moja. Nikifika na mbili ni kama nimepewa chenji. Na sisi hatubebi cha mtu."

"Ingekuwa ni wewe, mzee," akauliza Emmaculate, "ungesema ni ipi?"

Nikazichukua, nikazipitisha mdomoni kama mtu anayeonja. Nikaweka moja mbele. "Hii. Lakini siwezi kuapa."

Nikasikia Dalmas akizivuta zote mbili kwake, akiziinua moja moja dirishani. Ni mtu anayejua mawe, alichukua muda wake.

"Hii umechagua iko na makovu mingi," akasema. "Hii nyingine ni safi. Inang'aa zaidi."

Ni kweli, inawezekana. Ngozi ya kioo huonyesha kila mkwaruzo. Ya soko huficha. Nilimwambia hivyo.

"Mzee, usikasirike." Hakukuwa na kejeli tena katika sauti yake. "Lakini unanipa yenye makovu, unabaki na inayong'aa, na uliniambia huoni. Jiweke kwa viatu vyangu. Ungechukua ipi?"

"Ningechukua ile inayong'aa," nikasema.

"Basi."

Akaifunga ile inayong'aa kwenye kitambaa. Emmaculate alilia kidogo, sijui kwa sababu gani, akaisukuma ile nyingine kwenye kiganja changu na kukifumba. "Hii ni yako, baba. Ya kulinganisha."

Walipokuwa wanaondoka Dalmas akamwambia Idah atarudi na mfuko wa saruji aifanyie kazi ile plasta, bure. Idah akamwambia asante, kaka.

Jumatatu, 3 Juni

Manyunyu.

Jumamosi, 8 Juni

Leo wanajenga kaburi. Nilikaa mlangoni nikielekea magharibi, upande wa ukuta wa jirani.

Jumanne, 11 Juni

Thika. Jicho la kulia limepasuliwa. Idah alinishika mkono kwenda na kurudi, akanisimulia kila kitu tulichopita: mahindi yamesimama, mto umeshuka, mwanamke amebeba kuku wawili wamefungwa miguu.

Alhamisi, 13 Juni

Bandeji imetolewa jana. Kila kitu ni cha buluu na kina ukingo. Uso wa Idah una mikunjo ambayo sikuiona ikija.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwomba Mwas lensi ambayo hutumia kusoma namba za kadi za simu zilizofifia. Nikakaa mlangoni asubuhi, jua likiwa upande. Nikaishika kwa kingo.

Uwanda umekufa. Michirizi ya jivu imepita juu yake kutoka pembe hadi pembe. Lakini jivu halifiki kila mahali. Chini ya kidevu, kwenye kijishimo ambapo kitambaa cha Idah hakikuingia, kuna nafasi isiyozidi punje ya mtama, nyeusi upande huu, nyeupe upande ule. Na juu ya sikio ukungu umebaki. Na kingo ni wima, kama ukuta.

Ni ya Oluoch. Iko kwangu.

Nimeangalia tena mchana. Nimeangalia tena jua likishuka. Ni yeye.

Jumapili, 16 Juni

Sikupiga simu jana. Leo Emmaculate amepiga mwenyewe, amerudi Thika.

"Baba, ungeona. Dalmas aliiweka kwa mkono wake, saruji ikiwa mbichi, chini tu ya jina. Akazungushia kokoto nyeupe. Baba mdogo, yule alikuwa anacheka zaidi, aliinama akajiangalia ndani yake. Halafu akasema, 'Kumbe jamaa hakuwa anaota.' Mbele ya watu wote."

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Na Dalmas akaenda nyuma ya nyumba akalia, huyo Dalmas. Akaniambia, 'Yule mzee aliichunga kweli.'"

Nilikuwa nimeishika mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Ijumaa, na yalikuwa ya kweli yote.

"Imeshika vizuri?" nikauliza.

"Imeshika. Dalmas anasema hata nyundo haitaitoa, labda uvunje jiwe lote."

"Basi ni vizuri."

"Na ile yako iko?"

"Iko," nikasema.

Baadaye nilimwita Idah. Nikampa lensi, nikamgeuza akaelekea mwanga, nikamwonyesha mahali pa kutazama chini ya kidevu. Aliinamisha sarafu huku na huku. Aliishika kwa kingo bila kuambiwa.

"Nimeona," akasema. "Inazima na kuwaka." Halafu akaelewa, akaiweka chini polepole juu ya kitambaa. "Guka. Ndiyo hii."

"Ndiyo hii."

"Utawaambia?"

Nje hakuna mvua. Mabati yamenyamaza. Ametafuta pamba, ameizungushia, ameiweka kwenye kopo lake la chumvi lenye kifuniko kinachofunga, kwa sababu kisanduku cha bati kiliota kutu. Nimemwambia akae nalo yeye, kwenye rafu ya juu, juu zaidi ya ule mstari wa tope.

"Na mtu akija kuiuliza, wewe ukiwa haupo?"

"Mwambie iko."